Nyumba ya Tudor kwa milioni 32: Dubai au Zanzibar, ikiwa tunachotaka ni ukaazi?

Mwanatudor

Assalaam alaykum wana jukwaa. Tuko ndugu wawili, kila mmoja ana mke na watoto. Tuna nyumba Tudor, hapa Mombasa, iliyosajiliwa kwa majina yetu sote, nusu kwa nusu. Ilinunuliwa kwa shilingi milioni 11, ina wapangaji, na sasa kuna mnunuzi wa milioni 32. Nia yetu ni kuiuza na kununua nyumba nje ya nchi itakayotupa ukaazi sisi na familia zetu.

Dalali wa Dubai asema nyumba ya dirhamu 750,000 yatosha kupata viza ya miaka miwili, na kwamba milioni 32 ni zaidi ya dirhamu 900,000, kwa hivyo tutabakiwa na akiba. Wengine watwambia twende Zanzibar kwa kuwa ni karibu na lugha ni moja. Naomba wanaojua watueleze hesabu kamili, hatua zenyewe, na mahali ambapo watu huharibikiwa. Twaweza kununua nyumba moja kwa jina la mmoja wetu kisha tukaandikiana baina yetu? Na pesa zipitie benki au hawala?

Mhasibu wa Makupa

Waalaikum salaam ndugu. Kabla ya Dubai na Unguja, tuanzie hapa Mombasa, maana dalali amechukua milioni 32 nzima akaigawanya kwa kiwango cha Benki Kuu. Pesa za nyumba hazisafiri zikiwa nzima.

La kwanza ni kodi ya faida ya mtaji. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Zamani ilikuwa 5, na wapo wanaopiga hesabu kwa ile ya zamani mpaka leo. Sheria inasamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha. Yenu ina wapangaji, kwa hivyo msamaha huo hamuupati.

Faida si milioni 21 kamili. Gharama za kuuza hutolewa: wakili, dalali, mthamini, pamoja na matengenezo yaliyoiongezea nyumba thamani, mradi kuna risiti na vibali vya kaunti. Tuseme dalali na wakili wachukua jumla ya shilingi 1,360,000. Faida inabaki 19,640,000, na kodi yake ni 2,946,000. Kila mmoja wenu atalipa nusu kupitia PIN (namba ya mlipa kodi) yake mwenyewe. Msimtwike mmoja yote, kwani mfumo wa kodi wa iTax utaona muuzaji wa pili hakulipa na uhamisho utakwama. Kodi hiyo huiva siku mnayopokea bei yote au siku uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni mzigo wa mnunuzi.

Mkononi zabaki takriban shilingi 27,694,000.

Sasa dola. Kiwango kinachotangazwa huwa karibu 129, lakini benki haikuuzii kwa bei hiyo. Kwa 131 mnapata kama dola 211,400. Dirhamu imefungwa na dola kwa 3.6725, ila benki ya upande wa pili nayo itakata kidogo, kwa hivyo tumieni 3.67. Jumla ni dirhamu 776,000 hivi, wala si 911,000 za dalali. Na humo hamjalipa ada hata moja ya Dubai. Nawaachia wenye mji huo waendelee, lakini shikeni namba hiyo: 776,000.

Jambo jingine, nalo ni zito. Kodi ya mapato ya pango kwa nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, kwa wenye mapato ya pango kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kama pango la Tudor halijawahi kutangazwa, mauzo haya yatalifichua. Lisafisheni mapema. Cheti cha kutodaiwa kodi mtakihitaji tena benki itakapouliza pesa zimetoka wapi.

Karani wa Hati

Nachukua alipoachia Mhasibu. Gharama za kununua nyumba iliyokwisha kujengwa Dubai, mfano ya dirhamu 725,000, ni hivi:

Idara ya Ardhi ya Dubai inatoza asilimia 4 ya bei: 29,000. Dalali, asilimia 2, yaani 14,500, na juu yake VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 5, jumla 15,225. Ofisi ya wakala wa usajili, kwa nyumba ya kuanzia 500,000, inatoza 4,000 na VAT: 4,200. Hati yenyewe 580 hivi. Barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa kampuni iliyojenga ni kati ya 500 na 5,000, na huwa ni ya muuzaji, ila mikataba mingine humsukumia mnunuzi, kwa hivyo soma. Jumla inakaribia dirhamu 50,000, takriban asilimia 7. Gawanya 776,000 kwa 1.07 utapata 725,000. Hapo hujaweka amana ya umeme na maji ya DEWA (2,000 kwa fleti), ada ya huduma ya jengo inayodaiwa mapema, wala gharama za viza yenyewe: vipimo vya afya, kitambulisho cha Imarati, bima, ambazo usizitengee chini ya 10,000.

Kwa hiyo bei ya juu kabisa mnayoweza kuibeba ni kama 710,000. Sharti la viza ya miaka miwili, kama lilivyokuwa likitumika kufikia 2024, ni 750,000 zilizoandikwa kwenye hati. Mnalikosa kwa kitu kidogo, na kitu kidogo hicho ndicho kinachowaumiza watu: mtu ashalipa amana ya asilimia 10 kwenye Fomu F (mkataba wa kuuziana nyumba Dubai), kisha agundua hawezi kukamilisha, na amana inabaki kwa muuzaji.

Hata mkiongeza pesa, liko la pili. Mko wawili. Hati ikiwa ya watu wawili, kila mmoja huangaliwa kwa fungu lake. Nyumba ya 800,000 nusu kwa nusu ni 400,000 kwa kila mmoja, na hakuna anayefikia. Wanaoruhusiwa kuunganisha mafungu ni mume na mke, wakileta cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Ndugu hawaunganishi. Kwenye viza ya dhahabu ya miaka 10, ambayo kima chake ni dirhamu milioni 2, mambo ni yale yale.

Dalali atakapoona hamfiki, atawaelekeza kwenye nyumba ya kwenye ramani: lipa asilimia 20 sasa, iliyobaki kidogo kidogo mpaka makabidhiano. Watu wengi wa pwani huupenda mpango huu kwa kuwa mnalipana na kampuni inayojenga, hakuna mkopo wa benki wala riba. Sina neno na hilo, lakini fahamuni mambo matatu.

Kwanza, viza ya miaka miwili inataka hati kamili. Usajili wa awali, ule uitwao Oqood, unalinda haki yako kwenye nyumba lakini si hati hiyo. Kwa hivyo ukaazi wenu unangoja jengo limalizike, na majengo huchelewa.

Pili, pesa ziende kwenye akaunti ya amana ya mradi peke yake. Sheria namba 8 ya 2007 iliwekwa kwa ajili hiyo: kampuni haizigusi mpaka ujenzi ufike hatua iliyokaguliwa. Jina la mradi huonekana kwenye jina la akaunti. Ukipewa akaunti ya dalali, au ya kampuni kuu isiyotaja mradi, simama hapo hapo. Hali ya mradi na asilimia ya ujenzi mwaweza kuiona wenyewe kwenye programu ya Idara ya Ardhi iitwayo Dubai REST.

Tatu, na hili dalali hataligusa: mkishindwa kulipa katikati. Sheria namba 13 ya 2008, kama ilivyorekebishwa 2017 na 2020, inampa mnunuzi notisi ya siku 30 kupitia Idara ya Ardhi. Zikipita, na ujenzi uko chini ya asilimia 60, kampuni yaweza kuvunja mkataba na kubaki na hadi asilimia 25 ya bei ya nyumba. Sio ya mlicholipa, ya bei. Ujenzi ukiwa umepita 60, ni hadi asilimia 40. Nyumba ya 800,000 ambayo mmelipia 160,000, mkikwama mapema, kampuni ina haki ya hadi 200,000. Yaani zote 160,000 zimekwenda. Kama ujenzi haujaanza kabisa kwa sababu zisizo za kampuni, inashika hadi asilimia 30 ya mlicholipa.

Mkipata nyumba iliyokwisha, ulizeni kama ina mpangaji. Kwa sheria namba 33 ya 2008, kumtoa mpangaji ili mwenye nyumba aishi au auze kunataka notisi ya miezi 12 iliyopitia kwa mthibitishaji wa umma au kwa barua ya rejista. Nyumba iliyonunuliwa Machi kwa nia ya kuhamia Mei yaweza kuwangojesha mwaka mzima. Na ulizeni kuhusu baridi: majengo mengi yanapozwa na mtambo wa pamoja wa mtaa, na kuna ada ya kudumu inayolipwa hata fleti ikiwa tupu. Ada ya huduma ya jengo nayo huhesabiwa kwa futi za mraba. Fleti ya futi 700 kwa dirhamu 15 ni 10,500 kila mwaka, na dalali akitaja faida ya pango huwa ameiacha nje.

Mwanatudor

Ahsanteni, mmenifungua macho. Basi vipi hati ikiandikwa ya kaka peke yake, tukaandikiana kwa wakili hapa Mombasa kwamba nusu ni yangu?

Shariffa Ganjoni

Usifanye hivyo, kaka. Kinachotambulika Dubai ni jina lililo kwenye hati. Karatasi mliyoandikiana kwa wakili wa Nkrumah Road ni deni baina yenu wawili, haikupi fungu kwenye nyumba wala ukaazi. Na Mwenyezi Mungu akimchukua ndugu yako, nyumba hufuata sheria ya nchi ilipo. Idara ya Ardhi haitahamisha hati mpaka mahakama ya Dubai itoe hati ya warithi, na warithi ni mkewe na watoto wake na wengine wenye mafungu yao kwenye mirathi. Wewe utakuwa mdai, na shahidi wako mkubwa ndiye marehemu. Nanyi mnapendana leo, sisemi vingine, lakini mnaowaachia kazi hiyo ni watoto. Viza za mkewe na watoto nazo zimesimama juu ya jina lake, akiondoka, zinaondoka.

Kuhusu hawala. Kwa kumpelekea mama pesa za matumizi, kila mtu ana njia yake. Kwa nyumba ya ukaazi, haifai. Tangu Julai 2022 madalali na mawakili wa Imarati wanatakiwa kuripoti ununuzi wa nyumba wa pesa taslimu unaofika dirhamu 55,000 kwenda juu. Hapa Kenya nako, taslimu zinazozidi dola 15,000 benki huziripoti kwa kituo cha ripoti za fedha, FRC. Kuripotiwa si kosa. Shida ni kwamba pesa iliyopita hawala haina karatasi inayouunganisha mkataba wa Tudor na nyumba mpya, na hiyo karatasi itaulizwa wakati wa kununua, wakati wa kuomba ukaazi, na wakati wa kuuza mkitaka kurudisha pesa nyumbani. Kenya haina vizuizi vya kutoa fedha nje tangu sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ifutwe miaka ya 90. Benki itadai tu nyaraka: mkataba wa kuuza, risiti ya kodi ya faida, taarifa ya akaunti inayoonyesha pesa zikiingia kutoka kwa wakili, na mkataba wa kununua. Pangeni ziwe faili moja, kwa mfuatano huo huo, kila mmoja wenu na lake.

Sasa nataka kuzungumza juu ya majina, maana ndipo familia za Mombasa hukwama kuliko popote. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, pasipoti Mohammed, cheti cha ndoa Muhammad bin fulani, na cheti cha mtoto kina jina la babu ambalo halipo kwengine. Karani wa ofisi ya uhamiaji hajui kwamba huyo ni mtu mmoja, wala hana ruhusa ya kukisia. Pasipoti ndiyo mwamuzi. Tandazeni nyaraka zote za familia juu ya meza leo, za wake na watoto pia, mlinganishe herufi kwa herufi na pasipoti. Tofauti ndogo ya herufi moja mbili, kiapo mbele ya kamishna wa viapo huenda kikatosha, japo ofisi nyengine hukikataa. Jina likizidi au likipungua, tengenezeni hati ya kubadili jina kupitia wakili, isajiliwe kwa msajili wa nyaraka, kisha itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Hilo huchukua wiki nyingi, kwa hivyo halingoji mpaka nyumba ipatikane.

Cheti cha ndoa ya Kiislamu kiwe kile kilichosajiliwa, si karatasi ya msikitini iliyotiwa sahihi na shekhe na mashahidi. Ndoa kwa dini imetimia, lakini ubalozi hautaigongea mhuri. Kama ndoa haijasajiliwa, anzieni ofisi ya Kadhi. Baadaye cheti hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi kithibitishwe, kisha ubalozi wa Imarati, na kikifika kule kinagongwa tena na wizara yao ya mambo ya nje na kutafsiriwa Kiarabu na mfasiri mwenye leseni. Mihuri ina mfuatano: ukiruka mmoja, unaofuata unakataliwa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto ni njia hiyo hiyo. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi mwakiomba kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha mnakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hicho msikichukue mapema mno, ofisi nyingi hukataa cha zamani.

Wakala wa kusaini kwa niaba yenu, kama mtamhitaji, apewe mamlaka yaliyoorodheshwa moja moja: kununua nyumba fulani, kusaini usajili, kupokea hati. Nguvu ya kuuza na ya kupokea pesa msiitie. Watu husaini ile ya jumla kwa sababu wakili anayo tayari kwenye kompyuta.

Jirani wa Fumba

Nimesoma hesabu zenu nikaona jambo ambalo hamjalisema waziwazi. Mna dola 211,000 na mko wawili. Zanzibar, kima cha nyumba inayompa mgeni ukaazi ni dola 100,000, kwenye mradi uliopitishwa na ZIPA, mamlaka ya kukuza uwekezaji. Hamhitaji kushirikiana hati. Kila mmoja anunue yake, jina lake, familia yake chini yake. Pesa ambayo Dubai haifikishi hata mtu mmoja, hapa yaweza kuwafikisha wote wawili. Msifurahi kabla ya kusikia masharti, lakini.

Kwanza toeni kichwani kwamba Mkenya si mgeni Unguja kwa kuwa tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010, ibara ya 15, imeliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Kwa ardhi, Mkenya ni mgeni. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya Rais, kwa sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992, na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Mgeni hupata ukodishaji, hadi miaka 99.

Ndiyo maana ule mchezo wa kununua kiwanja Paje au Nungwi kwa jina la binamu au shemeji ni hatari. Kiwanja ni chake kisheria, mkataba wenu wa pembeni unakwenda kinyume na sheria kwa hivyo hakuna mahakama itakayokubeba, na hata mkiheshimiana maisha yenu yote, ukaazi hautoki humo. Tunao jamaa wengi pande zote mbili za bahari na kishawishi ni kikubwa. Tanzania bara nako sheria ya ardhi ya 1999 imemfungia asiye raia, isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka husika.

Njia iliyo wazi ni fleti au nyumba ndani ya mradi wenye cheti cha ZIPA, kama iliyoko Fumba. Sheria ya nyumba za pamoja ya 2010 inaruhusu kila fleti iwe na hati yake, mbali na ardhi ya mradi. Ombeni kuona haya kwa maandishi: cheti cha mradi, mkataba mkuu wa ukodishaji wa ardhi na miaka iliyobaki, maana hati yako haiwezi kuishi kuliko ule mkataba mkuu, na kama hati za fleti za awamu zilizokwisha kukamilika zimeshatolewa. Mradi uliokabidhi majengo miaka kadhaa nyuma na wenyewe bado wana barua za kampuni tu mikononi, mwauona wenyewe.

Kisha kima. Dola 100,000 zihesabiwe baada ya punguzo. Kampuni nyingi hupunguza bei kwa anayelipa taslimu, na nyumba ya 103,000 iliyopunguzwa asilimia 5 inashuka hadi 97,850. Mmeokoa dola 5,000 na kupoteza ukaazi wa familia nzima. Kama bei imechanganya fanicha na maegesho, muulizeni afisa wa ZIPA, wala si muuzaji, kama vinahesabiwa, na jibu liwe barua. Vilevile ulizeni kibali kinatolewa baada ya kulipwa kiasi gani, kwa sababu nyumba nyingi zinauzwa zikiwa bado zinajengwa, na zile sheria za Dubai za akaunti ya amana alizozieleza Karani, hapa msizichukulie kwamba zipo. Mkataba wenyewe ndio ngao yenu. Pesa zitoke kwa hatua za ujenzi zinazothibitishwa na mhandisi, wala si kwa tarehe za kalenda, na tarehe ya makabidhiano iwe na fidia ya kila mwezi wa kuchelewa, imeandikwa kwa namba.

Kibali kinamfunika mnunuzi, mke na watoto, kwa idadi na umri uliowekwa. Kwa mradi kama wa Fumba hutajwa watoto wanne walio chini ya miaka 20. Mwenye watoto watano, au kijana wa miaka 21 bado chuoni, alijue hilo kabla. Na ukaazi wa nyumba si ruhusa ya kuajiriwa. Kazi ina kibali chake.

Bajeti yenu imebana. Nyumba mbili za 100,000 zawaachia dola 11,000 kwa ada zote, wakili wa Unguja (muwe na wenu, msitumie wa kampuni), usajili, umeme, na ada ya huduma ya mwanzo. Mkinunua moja ya 100,000 na nyengine ya 111,000 mmekwisha. Tafuteni shilingi milioni moja na nusu pembeni kabla ya kusaini.

Mhasibu wa Makupa

Maashallah Jirani, hiyo ndiyo hesabu. Kwa atakayeuliza Uturuki, kwani huulizwa kila mara: tangu Oktoba 2023 ukaazi kwa njia ya nyumba unataka dola 200,000, na uraia dola 400,000 tangu Juni 2022, nyumba isiuzwe miaka mitatu. Ada ya hati ni asilimia 4. Kwa dola 211,000 ni mtu mmoja tu, tena kwa kubana pumzi. Ureno iliiondoa nyumba kwenye mpango wake wa ukaazi Oktoba 2023, na Uhispania ilifunga wa kwake Aprili 2025, kwa hivyo anayewauzia hizo sasa hivi mwambieni hapana.

Ukaazi wala si uraia, tusichanganye. Ukaazi hautangazwi kwa serikali ya Kenya. Ukija kupata uraia wa nchi nyengine, Mkenya wa kuzaliwa haupotezi wake kwa Katiba ya 2010, lakini sheria ya uraia ya 2011 inataka uutangaze ndani ya miezi mitatu.

Mwanatudor

Tumekaa na kaka na wake zetu, twaelekea Zanzibar, kila mtu na hati yake. Swali la mwisho: mnunuzi wa Tudor ataka kusaini wiki hii. Tusaini?

Shariffa Ganjoni

Sainini, lakini wakili wenu atazame muda. Mikataba mingi hapa huwekwa siku 90 za kukamilisha, amana asilimia 10. Siku hizo 90 ndizo za kusahihisha majina, kusajili ndoa kama haijasajiliwa, na kufanya uchunguzi wa mradi kule Kamisheni ya Ardhi na ZIPA. Msilipe ada ya kushika nyumba Unguja ambayo hairudishwi kabla amana ya Tudor haijaingia kwenye akaunti ya wakili. Mkataba useme pesa zitagawanywa na kulipwa moja kwa moja kwenye akaunti mbili, ya kwako na ya kaka yako, kila moja nusu yake. Zikiingia zote kwa mmoja kisha akamtumia mwenzake, benki itamuuliza huyo wa pili pesa hizi ni zawadi, mkopo au nini, na faili lake litaanza na maelezo badala ya mkataba.

Jirani wa Fumba

Na siku mtakayovuka kuja kuiona, njooni na fundi wenu wa Mombasa anayejua nyumba za pwani. Aangalie unene wa saruji juu ya nondo kwenye varanda zinazotazama bahari, maji ya mvua yanapokwenda, na kama kisima cha mradi kinatoa maji ya chumvi. Kibali cha ukaazi hakitazuia kutu.